Mguu Uliochinjiwa Mbuzi

Kutoka Lodwar mpaka Lokichoggio hapakuwa na mtu wa kumshinda Ekiru kwa mdomo. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema asubuhi hiyo akiwa amekalia pikipiki yake nje ya karakana ya Kanamkemer, kando ya mji wa Lodwar, anatafuna andazi. Andazi lenyewe lilikuwa la siku hizi: unga umepanda, na mwenye hoteli, badala ya kugusa bei, ameamua kuligusa andazi. Unalitia mdomoni, ukitafuta la pili unakuta hilo moja ndilo lilikuwa kiamsha kinywa.

"Madam, hiyo miguu miwili wewe iandike imefika," alimwambia Injinia Marian. "Mimi nikiongea na mtu, anavua mwenyewe. Ataniuliza kama nataka na kiatu."

Marian hakucheka. Huyu Marian alikuwa binti wa mwenye duka la nguo pale mjini Lodwar. Alikwenda Nairobi kusomea uhandisi wa vifaa vya tiba, akafaulu vizuri, kisha akafanya jambo lililowashangaza watu: akarudi. Karakana yake ilitengeneza miguu ya bandia kwa waliokatwa juu ya goti. Magoti yaliletwa na kampuni moja ya ng'ambo iliyotaka kuyajaribu, na yale ya kwanza yaliuawa na mchanga wa Turkana hata kabla wenyewe hawajayazoea. Kampuni ikaandikiana barua. Marian akachukua tyubu kuukuu ya pikipiki, akaikata, akaishona, akalivisha goti kama soksi. Mchanga ukabaki nje. Tangu hapo goti likawa linajikunja na kusimama imara kama lile la Mungu, na kampuni ikafurahi sana, ikaipiga picha soksi ile kila upande.

"Sikutumi ukabishane na watu," Marian alisema. "Majaribio yameisha. Wageni wa kampuni wanatua Kakuma mchana, na magoti wanaondoka nayo. Yatapasuliwa, ionekane ndani yamelika kiasi gani. Yakiwa na ufa ambao hatujauona, siku moja mtu ataanguka nayo mahali pabaya."

"Na wenyewe watatembea na nini?"

"Magongo. Mpaka awamu ya pili."

"Na awamu ya pili ni lini?"

Marian akajifanya kutafuta kitu mfukoni. "Ekiru, tanki limejaa. Unajua petroli ya siku hizi. Usiimalizie hapa kwa maswali."

"Nauliza tu, madam. Mdomo ukilala unaota kutu."

"Basi sikia jibu." Marian akamkazia macho. "Wamesema goti moja likikosekana, hakuna awamu ya pili. Na mimi nina watu kutoka Kalokol mpaka mpakani wanaongoja. Sasa nenda."

Ekiru akaenda, barabara ya lami mbele yake imenyooka mpaka inatetemeka kwa joto. Kazi ya kukusanya miguu hakuwahi kuifanya. Aliwahi kubeba samaki, magunia ya mahindi, maharusi wawili, na mara moja kondoo aliyemtapikia mgongoni. Mguu hauwezi kuwa mgumu kuliko kondoo.

Wa kwanza ulikuwa wa Nhial, mkimbizi wa Sudan Kusini, kinyozi katika kambi, Kakuma One. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na mashine yake ya kunyolea ilikula umeme wa sola. Ekiru alimkuta amesimama nyuma ya mteja, mrefu kama mlingoti, anazunguka kichwa cha mtu yule taratibu, hatua hapa, hatua pale, kama anayecheza muziki asioutaka usikike. Kama Ekiru hangekuwa anajua, hangejua.

"Wewe umetoka kwa Marian," Nhial alisema bila kugeuka.

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Walisema mwaka moja. Mwaka imefika. Ngoja nimalize kichwa ya huyu."

Akamaliza. Hakuharakisha. Alichonga mstari wa mbele, akapuliza nywele, akampaka mteja spiriti. Kisha akaketi, akakunja suruali, akafungua mikanda mmoja mmoja. Mguu ulipotoka aliupangusa kwa taulo lile lile la kazi, kuanzia juu mpaka kwenye kiatu, halafu akavua kiatu, akakiweka chini ya kiti.

Ekiru alikuwa amekuja na hotuba. Hotuba ilikosa mtu wa kuisikiliza.

"Mzee, hata huulizi?"

"Niulize nini? Mimi ni mkimbizi, kijana. Nikisema hapana, wataandika hapana. Kesho nikitaka kitu ingine, wataangalia ile hapana." Akamkabidhi mguu kwa mikono miwili. "Mwambie Marian asante. Goti ilikuwa mzuri sana. Mwambie hiyo kwanza."

Mteja mwingine alikuwa amesimama mlangoni. Nhial akamtazama, akatazama kiti, akahesabu kimya kimya namna ya kumnyoa mtu ukiwa umekaa. Mwishowe akabaki yeye kwenye kiti, mteja akaketi chini kwenye mchanga, kichwa kikiwa mbele ya tumbo la kinyozi. Ekiru alikuwa na mzaha mmoja mzuri wa hali ile. Ulifika mpaka kwenye meno, akaumeza.

Aliutia mguu katika gunia, akalifunga nyuma ya pikipiki. Gunia lilikuwa fupi, mguu ulikuwa wa Nhial. Unyayo ukabaki nje unaangalia watu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akainua mkono.

"Nini hiyo inatoka kwa gunia?"

"Mguu, afande."

"Ya ng'ombe?"

"Ya mtu."

Askari akaruka nyuma, mkono ukaenda kwenye bunduki. Ekiru akafungua gunia haraka. Askari akachungulia, akaugonga mguu kwa kidole, akapata tena ukubwa wake.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amebaki."

"Amebaki anatembea na nini?"

"Hilo hata mimi niliuliza, afande."

Askari akafikiri kidogo. Kwa muda mfupi alikuwa mtu kabisa, unaweza hata kumwonea huruma. Kisha akakumbuka kazi. "Risiti ya mguu iko?"

Hapo ndipo mwenye akili husema pole afande na kuinamisha kichwa. Ekiru akasema, "Kwani wewe yako uko na risiti?"

Jua la Kakuma lilipewa kazi ya kumfundisha adabu. Alisimamishwa kando ya barabara mpaka malori yakapita, mpaka askari akala, akanywa chai, akachokonoa meno kwa utaratibu. Mwishowe pikipiki ikaachiliwa, ila miwani ya jua ya Ekiru ikabaki kizuizini, "kama dhamana". Aliondoka anakunja macho, njaa imemkaba, andazi la asubuhi limekuwa habari ya zamani.

Mguu wa pili ulikuwa wa Akoru, mjane wa Kiturkana aliyekaa upande wa pili wa mto Tarach. Aliumwa na nyoka akiokota kuni, na kufika hospitali kulichukua muda mrefu kuliko sumu kufika gotini. Ekiru alielekezwa mtoni. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na katikati ya mchanga palikuwa na shimo la maji. Kando yake mbuzi walijipanga, wanasukumana kama abiria. Kila mara karai liliruka kutoka shimoni likiwa limejaa, mkono wa mtoto mmoja wa jirani ukalidaka ukingoni, maji yakaingia kwenye kihori bila tone kupotea. Ekiru akachungulia.

Akoru alikuwa chini kabisa, maji kwenye vifundo. Alipomwona mgeni, akapanda. Ngazi zilikuwa vishimo vya kuchimbwa ukutani. Aliutanguliza mguu wa bandia, akautia kishimoni upande upande, akasukuma nyonga mpaka goti likasimama imara, kisha akauegemea kwa uzito wake wote na kuinuka, karai kichwani. Hatua nyingine. Nyingine. Alitokea juu kama mtu anayetoka chumbani kwake. Soksi ya tyubu ilikuwa imelowa, imeng'aa. Hapakuwa na injinia duniani aliyelichora goti lile akifikiria shimo la maji, na hapakuwa na mtu aliyemfundisha mama yule. Walikuwa wamefundishana wenyewe, yeye na goti.

Ekiru alisahau kabisa kwamba yuko kazini.

"Ejok, mama," alisalimu.

"Ejok-noi. Wewe ni mtoto wa nani?" Aliuliza kwa Kiturkana, na kwa Kiturkana wakaendelea. Ekiru akamtajia baba, babu na ukoo. Akoru akamtazama midomo iliyokauka. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Twende."

Mturkana aliyelelewa na bibi yake anajua: ukienda bomani kwa watu na neno zito, unalisema kwanza ungali umesimama. Likishasemwa, ndipo unakaa na kula, kama bado unakaribishwa. Ekiru alilelewa na bibi yake. Lakini njaa haina bibi. Akoru alipotoa chombo cha mti chenye nyama kavu iliyohifadhiwa kwa mafuta, Ekiru aliketi, akala, akalamba vidole, akala tena. Ilikuwa nyama tamu ya kumfanya mtu asamehe askari.

"Haya," Akoru alisema alipomwona amepunguza kasi. "Sasa sema umeletwa na nini."

Ekiru akaufungua mdomo wake maarufu. Akasema kuhusu majaribio, kuhusu wageni waliopanda ndege, kuhusu mkataba wenye alama ya kidole. Akoru alisikiliza mpaka mwisho, anamkuna mbuzi mmoja sikioni.

"Hiyo nyama uliyokula," alisema, "unajua ni ya mbuzi gani?"

"Mbuzi… wa hapa?"

"Siku nilipoletewa mguu huu nilichinja. Kiumbe kigeni hakiingii bomani kwangu hivi hivi. Niliupaka yale majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi, kama anavyopakwa bibi harusi anapoingia kwa mumewe. Majirani wakala. Nyama iliyobaki nikaikausha. Kila aliyekula mbuzi huyo ni shahidi kwamba mguu ni wa boma hili. Ulikuja kuuchukua, na wewe umekula sahani mbili."

"Mama, mimi nilidhani ni nyama tu!"

"Mtoto wa Kanamkemer, hakuna nyama tu."

Ekiru akajaribu kucheka. Akoru hakumsaidia.

"Mama, lakini kidole ulitia."

"Nilitia. Niliambiwa nitaujaribu mwaka mzima. Nimeujaribu. Umefaulu. Mwanao akifaulu mtihani unamfukuza shule?"

"Si hivyo…"

"Na kama ungefeli, nani angevunjika shingo kwenye lile shimo? Huyo mgeni wa ndege? Walikuwa na goti ambalo hawakujua kama litavunjika. Kwao kuna watu wengi wasio na miguu. Wakawaacha wa kwao, wakaja kunitafuta mimi. Sasa limejulikana ni zuri, linatakiwa kwao."

Ekiru akakimbilia neno la Marian, lile la kupasua. Kwamba ndani kunaweza kuwa na ufa. Kwamba wakiuona, watu wengine hawataanguka. Alishangaa alipoona Akoru ameacha kumkuna mbuzi.

"Hilo ni neno," alisema. "Hilo lina akili. Na wao wangekuja kulisema hapa, wangenisikia nikisema ndiyo. Walete mwingine. Nivikwe huo mwingine kwanza, nisimame, halafu wachukue wa zamani waupasue mpaka mifupa. Lakini huwezi kunivua leo uniachie fimbo, uniambie nisubiri. Nisubiri na mbuzi wangu wanywe nini?"

Mbuzi wakamtazama Ekiru kana kwamba nao wanangoja jibu.

"Basi mama, fanya hivi." Aliinamia karibu, sauti ya mipango. "Wewe hama. Chukua mbuzi, nenda Nakalale, kaa huko mpaka ndege yao iondoke. Mimi nitasema nimekuta boma tupu. Kwa kusema, niachie mimi."

Akoru alimtazama, si kwa hasira. Ilikuwa kama anavyotazamwa mwanambuzi aliyejaribu kuruka ua akanasa.

"Anayehama bila kuifuata mvua ni mwizi," alisema. "Nenda na njia yako. Wageni wako watakuwa wapi?"

"Pale zahanati, karibu na uwanja wa ndege," Ekiru akajibu, akawasha pikipiki, akaondoka amejaa nyama na wema.

Zahanatini walikuwa wamefika, na Marian pamoja nao. Wageni wawili, mwanamume na mwanamke, nyuso nyekundu kwa jua, walikuwa wameketi chini ya turubai, mbele yao meza, soda na kompyuta. Hawakuwa watu wabaya. Waliinuka wote wawili kumsalimia Ekiru kwa mkono. Mguu wa Nhial ukalazwa mezani katikati ya chupa za soda. Marian akaligusa goti, akalikunja, akalikunjua.

"Nhial amesema asante," Ekiru alisema. "Alitaka niseme hiyo kwanza. Sasa hivi ananyoa watu akiwa amekaa."

Marian hakutafsiri. Aliitoa soksi ya tyubu aliyoishona mwenyewe, akaigeuza ndani nje, mchanga kidogo ukamwagika. "Na wa pili?"

Hapo Ekiru akawa Ekiru.

"Madam, wacha nikwambie. Nimefika kwa Akoru, boma ni tupu kabisa. Nikagusa majivu: baridi. Nikaita: mwangwi. Majirani wanasema alihama kitambo na mbuzi wake, ameenda Nakalale, na Nakalale yenyewe si ile ya barabarani, ni ile ya ndani ndani, simu haishiki, hata ndege wa angani wanauliza njia. Nimetafuta mpaka miwani yangu ikapotea. Ona macho yangu."

Marian akatafsiri. Mgeni mwanamume akasikitika kweli kweli, akasema maneno mengi ya upole, na mwisho wa upole huo akafunga kompyuta. Marian akashusha pumzi. Ekiru hakujua kama pumzi ile ilikuwa ya mtu aliyepoteza awamu ya pili, au ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Wanasema wanaelewa," Marian alisema polepole. "Wanasema bila goti la pili ripoti haikamiliki. Kwa hiyo…"

Hakumaliza, kwa sababu mgeni mwanamke alikuwa amesimama. Alikuwa anaangalia getini.

Mlinzi wa geti alikuwa akirudi kinyumenyume, mikono imeinuliwa kama anayezuia gari, na mbele yake alikuja Akoru. Shanga shingoni, shuka begani, vumbi mpaka pajani. Alivuka ua wa kokoto bila kutazama chini hata mara moja. Mguu wa nyama, mguu wa mbuzi. Wa nyama, wa mbuzi. Huwezi kusema upi ulikuwa unamfuata mwenzake. Mgeni mwanamke akatoa simu, akaanza kumpiga picha, akasema kwa Kiingereza, sauti ikimtetemeka, kwamba huo ndio mwendo waliokuwa wakiuota tangu siku walipolichora goti. Hakuuliza huyu ni nani. Ekiru alitamani asiulize mpaka kiama.

"Ejok," Akoru aliwasalimia wote. Kisha akamgeukia Ekiru. "Uliwaambia nilichosema?"

Ekiru akaanza kuangalia pikipiki yake.

"Basi nitakisema mwenyewe. Wewe tafsiri." Lakini macho yake yalikuwa yameanguka mezani, kwenye ule mguu mwingine uliolala kati ya soda. Akaweka kiganja juu yake. "Huu ni wa nani?"

"Wa kinyozi mmoja wa kambini," Marian akajibu mwenyewe. Mtoto wa duka la Lodwar, Kiturkana alikinywa pamoja na maziwa.

"Na yeye sasa hivi anatembelea nini?"

Turubai lilipiga kofi kwa upepo. Marian akaikunja soksi ya tyubu kiganjani, na wageni, bila kuelewa neno hata moja, wakaacha kunywa.

"Kama ni kupasua, wapasue," Akoru alisema. "Mimi sikatai watu wajue kilichomo ndani. Lakini walete mingine kwanza, wangu na wa huyu kinyozi. Wakileta, mimi nitauvua wangu mwenyewe, nitachinja tena, watakula. Wasipoleta, nimekuja waone huu ulipo. Mimi sikimbii na kitu changu."

Marian akamsogezea kiti, na kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani, akasema, "Mama, pole na safari. Nakalale mvua imenyesha?"

"Nakalale?" Akoru akashangaa. "Nitajuaje ya Nakalale? Mimi sijatoka mtoni. Muulize huyu kijana. Alikuwa bomani kwangu jua likiwa pale, amekula mbuzi wangu sahani mbili, hata mafuta bado yako kidevuni."

Wote wakamtazama Ekiru, wageni pia, kwa kufuata macho ya wengine. Mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda kidevuni kupangusa. Kidevu kilikuwa kikavu.